Mchele Mwekundu na Swali Nililouliza Vibaya

Ninyi vijana mnaouza dawa za Kichina kwenye simu, mimi nawaona. Mjukuu wangu hunionyesha matangazo yenu: kopo la kijani, maandishi ya dhahabu, na mzee wa Kichina mwenye ndevu ndefu ambaye sina hakika kama amewahi kuzaliwa. Chini mnaandika kwamba inayeyusha mafuta ya damu kwa siku saba, inasafisha ini, inarudisha nguvu za kiume, na kama nafasi imebaki, inaleta mchumba. Nacheka mpaka chai inanipalia. Kisha naacha kucheka, kwa sababu kazi hiyo niliifanya kabla hamjazaliwa, na kuna kitu sijakiona kwenye kopo lenu hata moja. Dawa zenu hazimuulizi mtu swali lolote. Basi kaeni kidogo, hasa wale mnaojua kila kitu.

Mimi ni Mwajuma, binti wa mtaa wa Buyenzi, na karibu miaka yote ya vita nilikuwa mkalimani na mpima dawa wa daktari mmoja wa Kichina hapa Bujumbura. Tulimwita Daktari Lin. Alikuwa na vyumba viwili mjini, si mbali na soko, vilivyotengwa kwa pazia la maua: ndani yeye na droo zake, nje benchi la wagonjwa. Wageni wengi walipoondoka kwa sababu ya risasi, yeye alibaki. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba droo ni nzito. Alizungumza Kifaransa cha kuungaunga, mimi nilikuwa na Kifaransa cha shule niliyoiacha njiani, na wagonjwa walikuja na Kiswahili au Kirundi chao. Kwa hiyo kila ugonjwa ulipita vinywa vitatu kabla ya kufika kwenye karatasi.

Kazi ya kwanza aliyonifundisha ni kupima. Mizani yake ilikuwa ufito mwembamba wenye alama ndogondogo na kisahani cha shaba kinachoning'inia kwa nyuzi tatu. Mimi mama yangu aliuza viungo sokoni, nikajiona nimezaliwa na mizani kiganjani. Nikawa nachota tu, nafunga. Wiki ya pili Daktari Lin akafungua vifurushi vyangu vyote vya asubuhi, akavipima kimoja kimoja mbele yangu. Hakuna viwili vilivyolingana. Akaushika mkono wangu, akautazama kama anayemchunguza mgonjwa, akaniambia kwa Kiswahili alichojifunza kwangu mwenyewe:

"Mwajuma, mukono yako leo imekula nini? Jana ilikuwa nyepesi."

Tangu siku hiyo nilipima. Hata nyumbani nilipima chumvi, mume wangu akaniuliza kama na yeye ataingia kwenye kisahani.

Nitawapa na ujuzi kidogo, bure, ingawa najua mtaufanya tangazo. Kuna tunda dogo linaitwa shanzha, linakatwa vipande vya mviringo na kukaushwa. Zuri lina ganda jekundu na uchachu unaokukunja uso kama ukwaju. Likiwa la kahawia na vitobo vya wadudu, tupa. Kuna mbegu za jueming, ndogo, ngumu, zinakaangwa kwa moto mdogo mpaka zianze kupasuka na chumba kizima kinukie kahawa. Zikinukia mkaa umechelewa, anza upya. Usichemshe dawa hizi kwenye sufuria ya aluminiamu. Chukua chungu cha udongo, ziloweke kwanza, zichemshe mara ya kwanza, chuja, kisha mara ya pili, changanya maji yote mawili. Ni rahisi kusema. Wakati ule barabara za milimani zilikuwa zikifungwa na makaa hayashuki mjini, na mama mmoja wa mtaa wa Kinama aliniambia, akiwa amekaza macho: "We dada, makaa ya siku mbili, nipikie mutu mumoja kikombe kimoja, tena kichungu? Watoto niwapikie na nini?" Nilimfasiria daktari neno kwa neno. Kesho yake alinunua kinu, nikaanza kutwanga dawa ziwe unga usiohitaji moto.

Sasa, mafuta ya damu. Mtanicheka mkisema nani alikuwa na kolesteroli wakati wa vita. Walikuwepo, wanangu. Vita havigawi njaa sawasawa. Na wengine hawakuwa wanene hata kidogo. Walizaliwa nayo, kama wengine wanavyozaliwa na pengo. Shida yangu ilikuwa kuwaeleza. Bwana mmoja wa Kinindo, mwenye gari na dereva, nilipomwambia damu yake ina mafuta mengi, aliinuka akawapa mkono watu wote wa kwenye benchi kama amefaulu mtihani. Watu walikuwa wamekonda, na yeye damu yake ina mafuta! Mama mwingine alisikia "kolesteroli" akaelewa "kolera". Alirudi nyumbani akamwaga dawa ya klorini chooni, akamhamishia mumewe chumba cha uani na sahani yake peke yake. Mume alikaa huko siku nne akilishwa kupitia dirishani. Alipokuja kwetu kulalamika alikuwa amepungua kweli, na Daktari Lin alifurahi sana na matokeo.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Haruna, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mzee Haruna alikuwa fundi wa giaboksi Buyenzi, mtaa wa pili kutoka kwetu. Alimjua baba yangu, alinijua mimi nikiwa natembea bila viatu. Alikuwa mtu wa swala tano, mwenye sauti ya kusikika juu ya injini. Daktari wa hospitali alimpima damu, akakuta mafuta yamepanda mno, na kaka yake mkubwa alikuwa amekufa kwa moyo ghafla, akiwa ameshika spana mkononi. Kwa hiyo Mzee Haruna aliogopa, ingawa asingekubali kulisema neno hilo. Alikuja kwetu na mkewe, Mama Saidi.

Daktari Lin alimshika mapigo, akatazama ulimi, akaandika. Dawa kubwa katika karatasi ile ilikuwa hongqu, yaani mchele mwekundu. Nami, mjuzi wa lugha, nikampa Mama Saidi mfuko nikamwambia: "Huu ni muchele wa Mzee. Kila siku kidogo."

Mmeshaona kosa? Mimi sikuliona. Ijumaa ile walikuwa na wageni. Mama Saidi akauosha, akakaanga vitunguu, akatia iliki, mdalasini na nyama ya mbuzi, akapika pilau la dawa. Aliniambia baadaye kwamba rangi ilikuwa nzuri kuliko ya zafarani, ila mchele uliganda na ulinukia kama pombe, na shemeji yake aliacha kula akaomba dua. Dawa ya wiki tatu ililiwa na watu tisa kwa mlo mmoja. Hakuna aliyedhurika, ila heshima yangu.

Mchele ule si wa kupika. Ni mchele uliovundikwa kwa ukungu mwekundu mpaka ukabadilika rangi hadi ndani. Na katika huo ukungu mna kitu ambacho ni ndugu wa damu wa kile kilicho kwenye vidonge vya hospitali vya kushusha mafuta. Kwa sababu hiyo unafanya kazi kweli. Na kwa sababu hiyo hiyo unaweza kuumiza. Daktari Lin alijua jambo hili vizuri, ndiyo maana hakumpa mtu mchele ule bila kuuliza swali moja. Baada ya pilau aliwaita tena wote wawili ili nisage mpya mbele yao, nao waone kwamba ni unga wa kulambwa na maji. Akanigeukia, akaniambia kwa Kifaransa nimuulize Mzee kama anatumia dawa nyingine.

Nikauliza: "Mzee, unatumiaka dawa?"

Hapo niwaeleze, kwa sababu ninyi mmekua katika amani na neno hili kwenu ni neno la duka. Wakati ule "dawa" ilikuwa na maana nyingine mitaani. Vijana waliokwenda kupigana walisemekana wana dawa, wamechanjwa, risasi zikiwagusa zinageuka maji. Kwenye bariyeri, yaani vizuizi vya askari barabarani, ukikutwa na kamba kiunoni au kitu kilichoshonwa ndani ya kimfuko cha ngozi, uliulizwa umepewa na nani na unakwenda kumpigania nani. Watu wengine hawakurudi kutoka kwenye maswali hayo. Na mimi nililiuliza nyuma ya pazia la maua, benchi limejaa watu wa kila mtaa, ambao hakuna aliyemjua jirani yake vizuri.

Mzee Haruna alisimama.

"Mi? Dawa? Astaghfirullah! We Mwajuma, baba yako aliniitaka ndugu. Mi ni mutu wa musikiti. Dawa apana! Apana kabisa! Kila mutu asikie, Haruna hana dawa!"

Benchi lote nje likageukia pazia. Mimi nikaona aibu, nikacheka ili kuifunika, nikasema "Sawa, Mzee, basi." Daktari Lin akaniuliza kwa Kifaransa, hakuna kitu? Nikajibu, hakuna. Nikaandika mwenyewe kwa mkono wangu: hapana. Sikujiuliza kwa nini mtu aulizwe kuhusu vidonge apandishe sauti mpaka barabarani. Nilikuwa na haraka, palikuwa na watu kumi na wawili wanangoja.

Zikapita wiki kama tano. Siku moja asubuhi Mama Saidi akaja peke yake, kanga imefungwa ovyo, na yule si mwanamke wa kufunga kanga ovyo.

"Mwajuma, Mzee anashindwa kusimama. Mapaja yanamuuma kama amepigwa. Jana giaboksi imemuponyoka, yeye! Na mukojo yake, samahani, iko kama chai ya rangi."

Nilimfasiria daktari. Sikuwahi kumwona Daktari Lin akiacha mizani ikiwa na dawa juu yake, lakini aliiacha. Alichukua mfuko wake akatoka kabla yangu, na wagonjwa wote tukawaacha kwenye benchi. Tulitembea kwa miguu hadi Buyenzi, yeye mbele, mafundi wakiacha kazi kumtazama Mchina anayekimbia na viatu vya ndani.

Mzee Haruna alikuwa amelala kwenye mkeka, uso umevimba, anajaribu kutusalimia kwa sauti yake ya gereji, haitoki. Daktari Lin akamminya paja kidogo tu, mzee akauma meno. Akanigeukia akaniambia: muulize tena. Nikapiga magoti. Safari hii nikasema bila kulitaja neno lenyewe:

"Mzee, kuna kitu gani unamezaka, kila siku? Kitu chochote. Kionyeshe kwa kidole."

Akaonyesha dirishani. Palikuwa na boksi mbili za vidonge, hapa kwetu komprime, zenye maandishi ya Ulaya. Mwanawe Saidi, aliyekuwa Ubelgiji, alikuwa amesikia habari za mafuta ya baba akamtumia kwa mtu anayesafiri. Vya kushusha mafuta. Alikuwa anavimeza tangu kabla ya kuja kwetu, kila jioni, na asubuhi analamba mchele wetu.

"Mzee, si nilikuuliza kama unatumiaka dawa?"

"Izi si dawa," akasema. "Izi ni komprime."

Daktari Lin alisoma boksi, akatoka akakaa juu ya tairi lililokuwa uani. Nilimtafsiria jibu lile. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema tu: hospitali, sasa hivi, figo. Misuli ilikuwa inayeyuka, na mabaki yake yanaziba figo, na hilo lilikuwa kosa la dawa mbili zilizo ndugu, na dawa hizo zilikutana kwa sababu mimi niliandika hapana.

Fundi mwenzake alileta gari, tukamlaza nyuma. Mchana ule milio ilikuwa inasikika upande wa kaskazini na bariyeri zilikuwa zimeongezeka. Askari wa kwanza alitusimamisha akamtazama mgonjwa, akamtazama Mchina, akanyoosha kidole kwenye mfuko uliokuwa magotini kwangu.

"Iko nini umo ndani?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nililimeza. "Komprime," nikasema. "Na unga wa muchele." Akafungua, akanusa, akakunja pua, akatuachia. 

Walimtundikia maji siku nyingi. Mama Saidi alikaa upande mmoja wa kitanda na mimi, baada ya kazi, upande mwingine, tukitazama chupa ya mkojo zaidi kuliko tulivyomtazama mwenye mkojo. Sina namna ya kuwaeleza vijana waungwana jinsi unavyoweza kuomba Mungu kwa ajili ya rangi ya mkojo. Siku ya nne ulianza kupauka. Siku ya sita daktari wa hospitali alisema figo zimekubali. Mama Saidi alipiga vigelegele wodini, wakamtoa nje.

Kule kliniki, Daktari Lin alinipa kazi moja tu. Aliniwekea karatasi nyeupe akaniambia niandike maneno yote ambayo watu wa Bujumbura hutumia kwa kitu chochote wanachokimeza, wanachokunywa, wanachojipaka, wanachochomwa. Nilidhani nitaandika mistari mitano. Nikaandika komprime, vidonge, kinini, siro ya kikohozi, sindano, umuti wa nyumbani kwa wasemao Kirundi, majani, mizizi, kombe la kuoshea aya, maji ya dua, mafuta ya kujipaka, chai ya bibi. Ilijaa karatasi na nyuma yake. Kuanzia hapo nilimwambia kila mgonjwa aje na mfuko, atie vyote alivyonavyo, na avimwage mezani kwangu. Nimeona mambo kwenye meza ile. Nimeona vidonge vya kuku. Mgonjwa akishamwaga ndipo nilipouliza, na wa benchi waliombwa kusubiri nje, barabarani kabisa, hata kama jua lilikuwa kali. Nanyi mfanye hivyo. Kama mtu anataka kuanza mchele mwekundu na ana vidonge vya hospitali, mpelekeni kwanza kwa daktari wake, na msimwambie kwamba bibi fulani ameandika.

Sasa niwape la mwisho, ambalo sikumwambia hata Daktari Lin.

Siku moja kabla ya kutoka hospitali, Mzee Haruna alikuwa amekaa kitandani, sauti imerudi, anawagombeza wauguzi juu ya uji. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nikamwambia: Mzee, nisamehe. Nilikuuliza swali baya, kwa neno baya, mbele za watu, nikaandika jibu ambalo halikuwa lako. Ningekuua. Nilianza kulia na sikuona aibu.

 Kisha akaangalia mlangoni, akaingiza mkono ndani ya soksi yake, akatoa kitu akakificha katika kiganja. Kilikuwa kimfuko cha ngozi, kidogo, kimeshonwa, na kipande cha kamba kilichokatwa kwa mkasi.

"Muuguzi alikikata siku naingia," akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. "Kilikuwa hapa, kiunoni. Mwanangu Mariamu anakaa Kinama na wajukuu. Kila wiki mi napitaka kule, bariyeri nne kwenda, nne kurudi. Mutu wa musikiti, ndiyo. Lakini niliogopa, binti yangu. Ulipouliza nikazani umekiona."

Nilifuta macho. "Mi nilikuuliza komprime, Mzee."

"Hata izo nilikuwa nazo," akasema.

Tukacheka, yeye ameshika mapaja yake yaliyokuwa bado yanamuuma, mimi nimeziba mdomo kwa mtandio ili wodi isisikie. Kwa maana yoyote ya swali langu, jibu lake la kweli lilikuwa ndiyo. Nilikuwa nimemnyima tu mahali pa kulisemea.